Kubadilisha Video Haraka Kabla Umeme Haujakatika

Mahindi yakishaingia ghalani, Ufipa inageukia sherehe. Sendofu, ndoa, jubilei za watawa, upadrisho, kipaimara na mahafali hufuatana wiki baada ya wiki, na kila shughuli ina mpiga video wake. Kazi ya kamera huisha siku ileile. Inayobaki ni ya usiku, nyumbani, mbele ya kompyuta: kuibadilisha video ndefu iwe faili ambalo televisheni ya mwenye shughuli italisoma. Mteja wa Laela au Matai anataka kuondoka na flashi yake kwa basi la asubuhi, na kompyuta inaonyesha kuwa imebakiza saa tisa.

Makala haya ni ya mtu aliyekaa mbele ya hiyo kompyuta, awe fundi video wa mtaani, katibu wa kwaya aliyekabidhiwa laptopu ya parokia, au mwalimu aliyerekodi mahafali kwa simu. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kununua mashine kubwa zaidi. Kwangu huo ni ushauri wa kuja mwisho kabisa. Muda mwingi huliwa na kazi ambayo video yenyewe haikuihitaji. Ukiiacha kazi hiyo, kompyuta ileile ya zamani inaweza kumaliza kwa dakika chache jambo lililokuwa likiikeshesha.

Kwetu Sumbawanga suala hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi mji huu haukuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka Zambia, ukisaidiwa na majenereta ya dizeli, na mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ulibuniwa ili kuumaliza utengano huo. Vijijini Nkasi na Kalambo wapo wanaotegemea sola. Kazi ya saa tisa ina nafasi kubwa ya kukatwa na giza, ya nusu saa ina nafasi ndogo. Kwa hiyo kuharakisha hapa ni njia ya kuhakikisha kazi inafika mwisho.

Jua kwanza kilichokataliwa

Faili la video ni vitu vitatu vilivyowekwa pamoja: picha, sauti, na kasha linalovibeba. Herufi za mwisho wa jina, yaani .mp4, .mkv, .avi, .mov au .mts, zinataja kasha peke yake. Ndani ya kasha picha imebanwa kwa kanuni fulani iitwayo kodeki, na sauti imebanwa kwa kodeki yake. Kodeki ya picha inayosomwa na karibu kila kifaa leo ni H.264, iliyotoka mwaka 2003. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ilitoka mwaka 2013. Hii hubana zaidi, mara nyingine hadi nusu ya ukubwa kwa ubora unaokaribiana, lakini televisheni nyingi za zamani na za bei nafuu haziijui. DVD hutumia MPEG-2. Kwa sauti utakutana na AAC, MP3, AC-3 na DTS.

Ukilijua hilo, malalamiko ya mteja yanakuwa kipimo. Mama akirudi akasema, "Fundi, flashi yako inatoa sauti lakini picha haipo," ameshakueleza kwamba televisheni imefungua kasha, imesoma sauti, na imekataa kodeki ya picha. Akisema picha ipo ila hakuna sauti, basi picha haina kosa na haitakiwi kuguswa. Televisheni ikisema faili halitambuliki kabisa, anza kushuku kasha, au namna flashi yenyewe ilivyofomatiwa.

Mkulima wa Ufipa ambaye gunia lake limechanika huyahamishia mahindi kwenye gunia zima. Hayapeleki mashineni kusagwa kwa sababu ya gunia. Programu nyingi za kubadilisha video, ukiziachia zifanye zinavyotaka, husaga kila kitu: hufungua kila picha, huibana upya, na hufanya hivyo hata pale ambapo kilichotakiwa ni kasha jipya tu. Hapo ndipo saa tisa zinapotoka.

Kuona kilichomo ndani ni rahisi. Fungua video kwa VLC, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Dirisha litakalotokea linataja kodeki ya picha, kodeki ya sauti, ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Fanya hivyo kabla ya kazi yoyote. Ni nusu dakika.

Kama picha ni H.264 na sauti ni AAC, na tatizo ni kasha tu, tumia FFmpeg. Hii ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na ndiyo iliyofichwa ndani ya programu nyingi za kubadilisha video zinazouzwa kwa pesa. Haina vitufe, unaiandikia amri. Wengi huiogopa kwa sababu hiyo, lakini amri unazozihitaji ni chache na unaweza kuzibandika ukutani. Ya kwanza ni hii:

ffmpeg -i kwaya.mkv -c copy kwaya.mp4

Maneno "-c copy" yanaiambia inakili picha na sauti jinsi zilivyo. Prosesa haifanyi kazi yoyote ya maana. Kasi inategemea diski. Chukua kamera ya AVCHD inayorekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde: muda wa saa nne unatoa kama gigabaiti 43. Kwa diski ya kawaida ya kuzunguka, kuhamisha mzigo huo kutoka kasha moja hadi jingine ni suala la robo saa hivi. Ubora haupungui hata chembe, kwa kuwa hakuna kilichobanwa upya.

Kama ni sauti tu iliyokataliwa, tuseme ni DTS au AC-3 na televisheni haiielewi, badilisha sauti na uiache picha:

ffmpeg -i harusi.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 160k harusi.mp4

Sauti ni mzigo mdogo sana kwa prosesa, hata ya miaka kumi na mitano iliyopita. Kazi ambayo ingekesha inakwisha kabla chai haijapoa.

HandBrake, programu ya bure yenye vitufe ambayo wengi tunaipenda, haiwezi kufanya hili. Inaweza kuinakili sauti jinsi ilivyo, lakini picha itaibana upya kila mara. Ni chombo kizuri sana pale kubana upya kunapohitajika kweli. Anayeitumia kubadilisha .mkv kuwa .mp4 tu anapoteza muda na ubora kwa pamoja.

Kukata vipande visivyotakiwa nako kufanyike kabla. Kamera iliyoachwa ikirekodi viti vitupu ukumbini kwa dakika arobaini inakupa dakika arobaini za kubana bure. LosslessCut na Avidemux zinakata bila kubana upya, ingawa mkato utaangukia kwenye fremu kuu (keyframe) iliyo karibu, si lazima pale hasa ulipotaka.

Na kwa wanaorekodi kwa simu: nenda kwenye mipangilio ya kamera ya simu yako. iPhone kuanzia mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, na Android nyingi za sasa, zina chaguo la kurekodi kwa HEVC ili kuokoa nafasi. Ukichagua H.264 mapema, faili litakuwa kubwa zaidi kwenye simu, lakini televisheni ya shangazi kule Namanyere italisoma bila kubadilishwa. Naona hiki ndicho kipengele chenye faida kubwa kuliko vyote katika makala haya, na kinafanyika kabla bwana harusi hajavaa koti.

Inapobidi kubana upya

Zipo kazi ambazo hazikwepeki. Video ni ya HEVC na televisheni haiijui. Ni ya 4K na simu ya mteja inakwama. Ni gigabaiti 43 na lazima iingie kwenye flashi ya gigabaiti 8. Hapo kila fremu itafunguliwa na kubanwa tena, na hesabu inaanzia kwenye fremu.

Video ya fremu 25 kwa sekunde inayochukua saa nne ina fremu 360,000. Kompyuta inayobana fremu 25 kwa sekunde itachukua saa nne zilezile. Inayobana fremu 100 itachukua saa moja. HandBrake na FFmpeg zote mbili hukuonyesha namba hiyo zikiwa kazini, na ndiyo ya kuitazama unapojaribu mabadiliko. Usijaribu kwa video nzima. Kata dakika moja, ibane kwa mipangilio miwili au mitatu tofauti, uitazame kwenye televisheni, halafu uamue. Iwe dakika ngumu: maharusi wanaingia, watu wanacheza, maua ya karatasi yanarushwa. Hotuba ya mjomba aliyesimama wima haikuambii kitu.

Ugumu wa picha ni jambo ambalo watu hulisahau. Kodeki hubana kwa kutafuta yanayojirudia kutoka fremu moja hadi nyingine. Kwaya iliyosimama mbele ya altare inajirudia sana: ukuta ni uleule, sare ni zilezile, midomo ndiyo inayosogea. Maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wetu na Zambia, hayajirudii hata sekunde moja. Video mbili za urefu sawa, kwa mipangilio sawa, zitatofautiana sana kwa ukubwa, na ya maporomoko itachelewa pia. Kwa hiyo usishangae mipangilio iliyokupa faili dogo la misa ikakupa faili kubwa la safari ya wanafunzi.

Punguza kwanza ukubwa wa picha kama mtazamaji hatapoteza kitu. Picha ya 4K ina pikseli 8,294,400 kwa kila fremu. Ya 1080 ina 2,073,600, robo ya hiyo. Ya 720 ina 921,600. Kwa televisheni ya inchi 32 inayotazamwa kutoka upande wa pili wa sebule, picha safi ya 720 inatosha, na prosesa inabana chini ya nusu ya pikseli za 1080. Fremu nazo zihesabu: kama kamera ilirekodi fremu 50 kwa sekunde na shughuli ni ya hotuba na nyimbo, ukibana kwa 25 umepunguza kazi kwa karibu nusu.

Kisha chagua mwendo. H.264 kwenye HandBrake na FFmpeg ina ngazi za mwendo zenye majina: ultrafast, superfast, veryfast, faster, fast, medium, slow na kuendelea. Kwenye FFmpeg kawaida ni medium. Ukipanda hadi veryfast, mwendo mara nyingi huongezeka zaidi ya mara mbili, na unacholipa ni ubora kidogo kwa faili la ukubwa uleule. Kwa video za shughuli, hiyo ndiyo ngazi ninayoipendekeza. Ultrafast siipendekezi, kwani inaacha mbinu nyingi za kubana kiasi kwamba faili linavimba. Kwa upande wa pili, slow na zilizo chini yake ziache kwa kazi inayotunzwa miaka mingi, kama filamu ya jubilei ya parokia.

Ubora uongoze kwa namba ya CRF, ambayo HandBrake huiita RF. Namba ndogo ina maana ya ubora mkubwa na faili kubwa. Kwa H.264, 18 ni karibu na picha ya asili, 23 ndiyo ya kawaida, 28 huanza kuonyesha vibonge usoni. Baki kati ya 21 na 24. Faida nyingine ya njia hii ni kwamba programu inapita mara moja tu, wakati njia ya kupita mara mbili, ambayo bado inafundishwa na baadhi ya mafundi kama siri ya ubora, huongeza muda na inafaa pale tu unapotakiwa kufika ukubwa kamili uliopangwa.

Amri moja inayokusanya ukubwa, mwendo na ubora ni hii (sababu ya kutoa .mkv utaiona mbele):

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -preset veryfast -crf 23 -c:a aac harusi.mkv

Kuna tahadhari kwa kamera za AVCHD. Nyingi hurekodi picha ya mistari inayopishana, ile iitwayo 1080i. Ukiipunguza picha hiyo bila kuiunganisha mistari kwanza, kila kinachosogea kitatoka na meno kama ya kitana, na hakuna namna ya kuliponya hilo baadaye. Andika "-vf yadif,scale=-2:720". Itachelewesha kidogo, na kuchelewa huko kuna sababu. Vichujio vingine, hasa vya kuondoa chengachenga za ukumbi wenye mwanga hafifu, ni vizito mno. Vizime isipokuwa picha ni mbaya kweli.

Usiibane video kwa HEVC kwa sababu tu ni mpya. Bila chipu maalumu, HEVC huchukua muda wa mara kadhaa kuliko H.264, na mwisho wa siku unampa mteja faili ambalo pengine televisheni yake hailijui.

Chipu iliyolala ndani ya kompyuta yako

Mwaka 2011 Intel ilianza kuweka ndani ya prosesa zake sehemu maalumu ya kufungua na kubana video, iitwayo Quick Sync. NVIDIA ilileta ya kwake, NVENC, mwaka 2012, na AMD nayo ikaleta ya kwake mwaka huohuo. Kompyuta nyingi za mitumba zinazopanda kutoka Kariakoo zinayo sehemu hii, na wenye nazo hawajui kwamba ipo.

Kwenye HandBrake nenda ukurasa wa "Video", mahali pa kuchagua kodeki, uangalie kama kuna H.264 yenye maneno QSV, NVEnc au VCE. Kama hakuna, sasisha kwanza draiva ya picha, halafu ufungue tena. Kwenye FFmpeg badala ya libx264 unaandika h264_qsv, h264_nvenc au h264_amf. Kwa Intel, mfano ni huu:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v h264_qsv -global_quality 23 -c:a aac harusi.mkv

Mwendo unaweza kuongezeka mara kadhaa, na prosesa inabaki na nafasi ya kufanya mengine. Bei yake ni kwamba chipu hizi, hasa za vizazi vya zamani, zinahitaji faili kubwa zaidi kufikia ubora uleule wa programu. Kwa flashi ya kutazamia sebuleni hilo si tatizo. Kwa nakala kuu unayoitunza, baki na libx264.

Ukifika wakati wa kununua, soma namba ya prosesa. i5-2400 ni kizazi cha pili, i5-6500 ni cha sita, i5-10400 ni cha kumi. Kuanzia kizazi cha sita, cha mwaka 2015, Quick Sync inabana HEVC pia. Kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, ya kizazi cha sita au zaidi, kwa maoni yangu ni ununuzi bora kwa fundi video wa Sumbawanga kuliko laptopu nyembamba ya bei hiyohiyo. Epuka namba yenye herufi F mwishoni, kama i5-10400F, isipokuwa kuna kadi ya picha pembeni, kwa kuwa prosesa hizo hazina picha ya ndani na kwa hiyo hazina Quick Sync.

SSD ni kitu kizuri, lakini usiinunue kwa sababu hii. Video ya megabiti 24 kwa sekunde inasomwa kwa megabaiti 3 tu kila sekunde. Hata ukibana kwa mwendo wa mara nne, ni megabaiti 12, na diski ya kuzunguka inaweza kama 100. Diski inasubiri prosesa, haisubiriwi. SSD itakusaidia unapohamisha kasha na unaponakili. Kinachoumiza kweli ni kubana moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi au kuandikia kwenye flashi, maana flashi nyingi za bei nafuu huandika polepole sana. Nakili kwanza ndani, bana ndani, halafu utoe nje.

Ubaridi, vumbi na blanketi

Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai ni rafiki wa prosesa. Hata hivyo hewa ya huku ni nyepesi, shinikizo lake ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na feni ileile inasukuma hewa pungufu. Kwa anayefanya kazi Kirando au Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, au bondeni Muze na Mtowisa kuelekea Ziwa Rukwa, tatizo ni joto lenyewe. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguza mwendo ili isiungue, na video iliyoanza kwa fremu 60 inashuka hadi 30 bila onyo lolote.

Ili kulitambua hilo kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua sehemu ya CPU, utazame kasi ya gigahezi baada ya robo saa ya kubana. Ikiwa imeshuka chini ya kasi ya msingi iliyoandikwa pembeni, kompyuta inajizuia. Safisha vumbi la kiangazi kwenye feni, badilisha pasta ya prosesa kama ina miaka mingi, na uinue laptopu kwa vipande viwili vya mbao hewa ipite chini. Usiku wa baridi wengi huweka laptopu juu ya blanketi kitandani. Blanketi linaziba matundu yote ya chini, na kazi ya saa mbili inakuwa ya nne.

Umeme wa betri nao hupunguza mwendo, kwa hiyo chomeka chaja na uchague mpangilio wa nguvu wa juu kabisa. Zima kabisa kujilaza kwa kompyuta. Zipo kazi nyingi zilizokutwa asubuhi zimesimama kwenye asilimia 12 kwa sababu mashine ililala baada ya nusu saa kama ilivyopangwa kiwandani.

Umeme ukikatika katikati

Faili la .mp4 huandikiwa orodha yake ya fremu mwishoni kabisa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, hata kama umefika asilimia 95, ulichonacho ni gigabaiti kadhaa ambazo hakuna kifaa kitakachozifungua. Kasha la .mkv limeundwa tofauti, likikatwa husomeka mpaka pale lilipofikia. Kwa hiyo bana kwenye .mkv siku zote, na kazi ikimalizika salama, ihamishe kwenda .mp4 kwa amri ile ya "-c copy". Dakika chache hizo za mwisho ndizo bima ya usiku mzima. Umeme ukikatika kwenye dakika ya 150 ya video, anza tena kutoka hapo kwa kuongeza "-ss 02:30:00" kabla ya "-i", kisha uunge vipande kwa amri iliyo hapa chini.

Afadhali zaidi, usiwe na kazi moja ndefu. Shughuli zetu tayari zina vipande: kanisani, picha za bustanini, ukumbini. Ipange kila sehemu kivyake kwenye foleni ya HandBrake. Giza likiingia, unapoteza sehemu moja, zilizokwisha zimekwisha. Baadaye andika faili dogo la maandishi, orodha.txt, lenye majina ya vipande, kila mstari ukianza na neno file na jina likiwa ndani ya alama moja za kunukuu, kama file 'kanisani.mkv'. Viunganishe hivi:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy harusi.mp4

Vipande vyote lazima viwe vimebanwa kwa mipangilio ileile, la sivyo picha itaruka kwenye kiungo.

Mwenye laptopu yenye betri nzima ana njia nyingine. Umeme ukikatika, simamisha HandBrake kwa kitufe cha pause, kisha iweke kompyuta kwenye Hibernate, siyo Sleep. Windows nyingi huificha Hibernate, iwashe mapema kwenye mipangilio ya nguvu. Kila kilichokuwa kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski, na umeme ukirudi unaendelea pale ulipoishia. Hili hufanya kazi vizuri kwa libx264. Kwa chipu maalumu, lijaribu kwanza na video isiyo na haraka. Mwenye kompyuta ya mezani atafute UPS, hata ndogo, ya kumpa dakika za kufanya hivyo.

Programu zote nilizozitaja ni za bure. Zipakue kutoka kwa wenyewe, yaani handbrake.fr, ffmpeg.org na videolan.org, na siyo kwenye tovuti za njiani zinazoongeza virusi au maandishi yao juu ya sura ya bibi harusi. Mwaka 2017 hata seva mojawapo ya HandBrake ya Mac iliingiliwa kwa siku kadhaa na kupandikizwa programu hasidi, kwa hiyo namba za uhakiki zinazowekwa pembeni ya faili zina kazi yake.

Flashi ya mteja

Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Ndiyo sababu video inakataa kuingia hata kama flashi ni ya gigabaiti 32 na iko tupu. Unaweza kuifomati kwa exFAT, lakini televisheni na deki za zamani haziijui. Ni salama zaidi kutoa mafaili mawili, la kanisani na la ukumbini. Kama mteja anasisitiza liwe moja, piga hesabu: saa nne ni sekunde 14,400, kwa megabiti 2 kwa sekunde picha inachukua kama gigabaiti 3.6, na sauti ya kilobiti 128 inaongeza gigabaiti 0.23. Inaingia. Weka "-b:v 2M" badala ya "-crf 23" kwa picha ya 720, ukijua kwamba sehemu za ngoma zitachakaa kidogo.

Ukimaliza kunakili, itoe flashi kwa utaratibu, irudishe, na ucheze dakika ya mwisho ya kila faili ukiwa unasoma kutoka kwenye flashi yenyewe. Video za asili za kamera zibaki kwenye diski yako mpaka mwenye shughuli atakapopiga simu kusema ameitazama yote kwenye televisheni ya nyumbani kwake.